Kulikarabati na Kuliandaa Gari la Zamani la Fo Wili kwa Safari za Porini: Mwongozo kwa Mmiliki wa Dar es Salaam

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyenunua, aliyerithi au aliyejipatia mnadani gari la zamani la kuvuta kwa magurudumu manne, na ambaye sasa anataka litoke Dar es Salaam likapite kwenye mchanga wa Kigamboni, vilima vya Pugu na Kisarawe au tope jeusi la njia za Saadani, kisha lirudi nyumbani likiendeshwa na si likivutwa. Mfano nitakaoutumia ni Land Cruiser HZJ75 ya miaka ya 1990, yenye injini ya dizeli ya 1HZ ya silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, yenye springi za majani mbele na nyuma, kwa sababu ndilo gari ninalolimiliki na kwa sababu mafundi wengi wa mjini wameshalifungua mara nyingi. Mwenye Prado, Hilux au Defender atakuta mengi yanamhusu, na panapotofautiana nitasema.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: fedha ya kwanza iingie kwenye vitu ambavyo hakuna mpita njia atakayeviona. Mimi nilianza kinyume. Nilifunga bampa la chuma, winchi na taa nne kabla sijafungua gurudumu hata moja, na katika safari ya kwanza, kilomita chache baada ya Kisarawe mjini, gurudumu la mbele kulia lilianza kucheza kama jino linalotaka kung'oka. Beringi zilikuwa zimekwisha. Tulikaa pale hadi jua likazama, winchi mpya ikitutazama, kwa kuwa hakuna winchi inayotengeneza beringi.

Hatua ya kwanza: uoshe, ulale chini, ugonge

Ukaguzi wa gari lenye matope hauna maana. Lipeleke likaoshwe kwa chini kwa maji ya presha, lisimame juani hadi likauke kabisa, kisha ulale chini yake na tochi, nyundo ndogo na chaki. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, kila sentimita kumi. Chuma kizima hulia. Chuma kilichoozea ndani hujibu kwa sauti fu, na mara nyingine nyundo huzama. Weka alama ya chaki kila mahali palipokupa shaka, na uangalie kwa makini zaidi mahali springi za nyuma zinaposhikilia, juu ya ekseli ya nyuma, na sehemu ambayo tope hurushwa na magurudumu ya mbele na kujikusanya.

Magari ya pwani huoza kutokea ndani kwenda nje. Chesisi ni boksi lenye matundu. Mchanga wenye chumvi huingia, hukaa, hunywa unyevu wa bahari usiku na hula chuma mwaka hadi mwaka huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa. Ingiza mpira wa maji baridi, yasiyo na chumvi, kwenye matundu hayo na uache yatiririke hadi yanayotoka yawe safi. Katika gari langu kilitoka kiasi cha nusu ndoo ya mchanga mweupe, na gari lenyewe niliuziwa kwa maelezo kwamba halikuwahi kukanyaga ufukwe.

Palipooza pakatwe hadi kwenye chuma kizima na pachomelewe kipande kipya chenye unene uleule. Mchomeleaji akitaka kubandika bati juu ya kutu, mshukuru na umtafute mwingine. Kipande cha kuimarisha kwenye ubavu wa chesisi kikatwe chenye ncha za mshazari, mithili ya almasi, kisiwe na mstari wa weldingi unaosimama wima kutoka juu hadi chini, kwa sababu mstari huo ndio chesisi itakapopasukia siku ya kwanza itakapojipinda kwenye mashimo. Kabla ya kuchomelea, betri ifunguliwe, waya za alternata zichomolewe, na tanki la dizeli lishushwe ikiwa kazi iko karibu nalo. Kulifunika tanki kwa gunia lililoloweshwa ni mazoea ya gereji nyingi, lakini si kinga. Ukimaliza, paka rangi ya kuzuia kutu nje na nyunyizia nta au mafuta maalumu ndani ya boksi. Oili chafu ambayo wengi hupaka chini ya gari huzuia kutu kiasi, ila hulainisha na kuvimbisha mipira ya bushi, na kila mvua ikinyesha inabaki uani kwako.

Hatua ya pili: maji ya injini na mkanda wa taimingi

Injini ya 1HZ haina mbio wala haina turbo, na hiyo ndiyo heri yake. Ikipewa oili safi na ubaridi wa kutosha hudumu muda mrefu sana. Kinachoiua hapa mjini ni joto. Tatizo huanzia kwenye maji. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvichumvi, na maji hayohayo ndiyo hujazwa kwenye rejeta kwa galoni pembeni mwa barabara. Baada ya miaka michache mirija ya rejeta huziba kwa magadi, na njia za maji ndani ya bloku huota kutu. Shusha rejeta, mpelekee fundi wa rejeta aifungue na kusafisha mirija, badilisha mipira yote ya maji pamoja na mfuniko, ambao una springi inayochoka, kisha jaza kulanti iliyochanganywa na maji yaliyotengwa chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni bora kuliko ya kisima.

Hapo utakutana na ubishi wa themostati. Fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini atakwambia kwamba nchi hii ni ya joto na kwamba themostati ni ya Wazungu, kisha ataitoa na kuitupa. Usikubali. Katika injini zenye njia ya pembeni ya maji, themostati inapofunguka hupunguza au hufunga njia hiyo ili maji yapite kwenye rejeta. Ikiondolewa, sehemu ya maji huendelea kuzunguka ndani ya injini bila kupozwa, na katika mwendo wa taratibu mchangani, ambako injini inafanya kazi nzito na upepo ni mdogo, mshale hupanda. Zaidi ya hayo, injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula ringi na huchafua oili. Jaribu themostati kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni: inapaswa kufunguka kabla maji hayajachemka na kujifunga yanapopoa. Kama haifanyi hivyo, nunua nyingine ya joto lilelile lililochapwa juu yake.

Feni nayo ina klachi ya mafuta ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe kwa mkono. Ikizunguka kwa ulaini mizunguko kadhaa bila kukataa, mafuta yake yamekwisha.

Mkanda wa taimingi wa 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kwa kuwa dashibodi za magari haya zimesharudishwa nyuma mara nyingi kuliko tunavyotaka kuamini, hesabu yake isiwe ushahidi: kama hakuna karatasi ya gereji inayoonyesha ulibadilishwa lini, badilisha sasa, pamoja na roli ya kukazia mkanda na pampu ya maji ikiwa imeanza kulia au kuvuja. Mkanda ukikatika valvu hugongana na pistoni, na kutoka hapo unazungumzia silinda hedi. Ukishafika huko, badilisha chujio la dizeli na umwage maji yaliyotuama chini yake.

Hatua ya tatu: vifundo vya ekseli ya mbele

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu ndipo magari haya yanapodharauliwa. Ekseli ya mbele ni nzima, na kwenye kila ncha yake kuna tufe kubwa la chuma lenye sivi jointi ndani, yaani kiungo kinachopeleka mzunguko kwenye gurudumu hata likiwa limekata kona. Kifundo hugeuka kulizunguka tufe hilo juu ya beringi mbili za kingi pini, ya juu na ya chini. Ndani ya tufe hukaa grisi. Ndani ya ekseli hukaa oili ya difu, yaani ya gia zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili. Katikati yao kuna oili sili moja tu. Sili hiyo ikichoka, oili huingia kwenye grisi na kuigeuza uji mweusi unaodondoka nyuma ya gurudumu. Ukiona tufe limelowa, au ukisikia mlio wa tak-tak-tak unapokata kona kali ukiwa umeunganisha magurudumu ya mbele, kazi ni hii.

Legeza nati za gurudumu, weka jiwe au gogo nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua, kisha weka stendi imara chini ya ekseli. Jeki peke yake isikubebee gari hata kwa dakika moja. Fungua kalipa ya breki na uining'inize kwa waya kwenye springi. Ikiachwa ining'inie kwa mpira wake, mpira hupasukia ndani bila kuonekana. Fungua loki ya habu, kifaa kinachounganisha gurudumu la mbele na shafti yake. Kwenye stadi zake utakuta washa ndogo zenye umbo la koni ambazo hazitoki kwa kuvutwa: gonga ncha ya stadi, au habu kando yake, kwa nyundo na kipande cha shaba, mapigo makavu, na koni zitaruka zenyewe. Zikusanye kwenye kopo. Gari langu lilikuwa na koni nne tu kwa upande mmoja badala ya sita, kwa kuwa gereji fulani iliyotangulia haikuona haja ya kuzitafuta zilikoangukia.

Nati ya beringi za habu hufunguliwa kwa soketi ya milimita 54. Soketi hiyo si ghali, na mtu mwenye gari la namna hii awe nayo yake, kwani bila hiyo fundi atachukua tindo na kuizungusha nati kwa kuipiga, na vipande vyembamba vya chuma vitaangukia ndani ya beringi mpya. Ukishatoa habu, fungua bolti za spindeli, bomba ambalo habu huzungukia, igonge kwa upole hadi iachie, kisha vuta shafti. Sivi jointi ina sehemu mbili zilizobapa. Zigeuze ziwe juu na chini, vinginevyo itagoma kupita.

Toa ncha ya tai rodi, fimbo ya usukani inayogeuza gurudumu, fungua mkono wa usukani juu na kifuniko cha chini, nako kuna koni vilevile. Chini ya vifuniko kuna shimu, vibati vya kurekebishia nafasi, nyembamba kama kucha. Zifunge kila upande na kamba yake na uandike "juu kulia", "chini kulia", na kadhalika, kwa sababu ndizo zinazoweka kifundo katikati ya ekseli. Sasa osha kila kitu kwa dizeli, futa, kausha, na utazame. Beringi ya kingi pini yenye vidimbwi vidogo kwenye njia yake, ambayo hukufanya uhisi usukani "unakaa" ukiwa umenyooka, haina tiba ila kubadilishwa. Sivi jointi iliyoanza kulika upande mmoja inaweza kuhamishiwa upande wa pili wa gari, ili iwe inabeba mzigo kwa uso ambao haujachoka. Ni ujanja wa zamani wa mafundi, na unakupa muda wa kutafuta fedha.

Kuhusu spea, mtaa wa Gerezani na Kariakoo kwa ujumla utakupa kila kitu, orijino na feki, mara nyingi kwenye rafu moja. Nenda na kifaa cha zamani mkononi. Linganisha namba iliyochongwa kwenye beringi yenyewe badala ya ile ya kwenye boksi, kwa sababu boksi huchapwa popote. Zungusha beringi sikioni, pitisha ukucha kwenye ukingo wa maandishi, na kabla ya kulipa mwombe muuzaji akuandikie kwenye risiti kwamba kifaa kisipoingia atakipokea. Mwenye duka anayekataa kuandika hivyo amekuambia jambo muhimu. Sili za ekseli nunua nzuri kuliko zote unazoweza kumudu, kwa kuwa sili rahisi itakurudisha kwenye kazi hii yote upya.

Wakati wa kurudishia, sili mpya iingizwe kwa kugongwa kwa usawa, ikiwa na grisi kwenye mdomo wake. Kaza kifundo bila shafti na bila sili za nje, kisha upime ugumu wa kuzunguka kwake. Kitabu cha gereji cha gari lako kinatoa kipimo kwa kilo, kinachosomwa kwa kuvuta ncha ya mkono wa usukani kwa mzani wa springi. Sisi tulitumia mzani wa kuning'inia wa wauza samaki, tulioazima kwa jirani anayechukua bidhaa Feri. Tulifunga ndoano yake kwenye tundu la tai rodi, tukavuta taratibu, na namba iliyokaa kifundo kikiwa kinatembea ndiyo tuliyoisoma, si ile ya mshtuko wa kwanza. Mzani ukisoma pungufu ya kitabu, punguza shimu; ukisoma zaidi, ongeza, ukihakikisha mabadiliko ya juu na ya chini yanaendana. Kazi hii huchukua saa moja, na ndiyo inayotofautisha usukani uliotulia na ule unaotetemeka kwa mwendo wa kilomita 70.

Jaza tufe kwa grisi ya molibdeni kiasi cha robo tatu, lisijae kabisa, kwani grisi nayo hutanuka kwa joto. Beringi za habu zipewe grisi yao ya lithiamu, isukumwe kwa kiganja hadi itokee upande wa pili kati ya roli.

Hatua ya nne: breki, usukani na propela

Mipira yote ya breki yenye nyufa ibadilishwe, na mafuta ya breki yamwagwe yote, kwa sababu hunywa unyevu na hewa ya Dar es Salaam haina uchache wa unyevu. Fungua dramu za nyuma uone kama sili ya ekseli haijalowesha viatu vya breki. Tikisa kila ncha ya tai rodi huku mwenzako akichezesha usukani. Chochote chenye mchezo kitoke. Krosi za propela, yaani viungo vya shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye ekseli, zipigwe grisi hadi grisi mpya ionekane pande zote nne, na ile isiyopokea ibadilishwe.

Hatua ya tano: marekebisho yenye faida

Anza na matairi, kwa kuwa ndiyo yanayogusa ardhi. Saizi ya 7.50R16 ambayo HZJ75 nyingi zilikuja nayo, 235/85R16 na 265/75R16 zina kimo kinachokaribiana sana, milimita 805 hivi, kwa hiyo unaweza kuhama kati yake bila kuvuruga gia wala spidomita, ilimradi rimu iwe na upana unaofaa. Ukipanda hadi 285/75R16 kimo kinafika milimita 834, spidomita inadanganya kwa takriban asilimia 4, gia zinakuwa nzito na tairi linaanza kukwaruza. Sijaona mahali karibu na Dar es Salaam panapodai ukubwa huo. Matairi ya mtumba yana mvuto wake wa bei, lakini soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lililokaa juani miaka kumi ni mpira mkavu.

Upepo ndio marekebisho pekee ya bure. Tairi lenye PSI 35 la lami likishushwa hadi 18 kwenye mchanga mlaini hurefuka chini kama unyayo wa ngamia, na gari lililokuwa linachimba kaburi lake huanza kupanda. Kwa matairi ya tyubu usishuke chini ya 18, kwa sababu tairi huweza kuteleza kwenye rimu na kukata shingo ya valvu. Ukiwa na upepo mdogo usikate kona kwa kasi, na ujaze tena kabla ya kurudi lami. Kwa hiyo kompresa ndogo na geji ya kuaminika vinatangulia taa zote za paani.

Kuinua gari kunakuja baadaye, na milimita 50 zinatosha. Kwa springi za majani, nunua seti kamili iliyotengenezwa kwa uzito ambao gari hubeba kweli. Kuongeza majani ya lori kwenye springi ya zamani hulifanya gari liwe gumu hadi magurudumu yanaruka badala ya kushika, na kurefusha shakeli, vile vipande vinavyoning'iniza ncha ya springi, hubadilisha pembe ya ekseli ya mbele, usukani ukakosa kurudi wenyewe. Vipande vya chuma kati ya springi na ekseli ya mbele visiwekwe kabisa. Kwenye Land Cruiser za toleo la 80 na nyingine zenye springi za koili mbele, pembe hiyo hupotea kwa kuinua kwenyewe, na ekseli husogea upande, kwa hiyo bajeti iwe pia na bushi za kurekebisha pembe na fimbo ya upande inayorekebishika.

Baada ya kuinua, pima urefu wa mipira ya breki ekseli ikiwa imening'inia kabisa. Halafu kuna kifaa ambacho karibu kila mtu hukisahau: valvu ya kupimia mzigo iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Bodi ikipanda, valvu hudhani gari ni tupu na hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Mshikio wake urekebishwe kwa kiasi hichohicho cha kuinua.

Kurefusha vipumulio vya difu, yaani vitundu ambavyo hewa ya ndani hupumulia, ni kazi ya asubuhi moja na mpira wa mita chache, lakini sijui marekebisho mengine yenye thamani kubwa kama hiyo kwa bei hiyo. Ekseli iliyotembea kwenye lami huwa ya moto. Ikiingia ghafla kwenye maji ya mto, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili au kipumulio kilichoziba. Mwezi mmoja baadaye unafungua oili ya difu na kuikuta imekuwa chai ya maziwa. Unganisha mpira kutoka kila kipumulio, difu zote mbili, gia boksi na transfa, yaani boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, uupandishe hadi juu ndani ya boneti, na uweke kichujio kidogo kwenye ncha yake.

Snokeli, bomba linalopandisha mdomo wa hewa ya injini hadi paani, hufaa kwa vumbi kuliko kwa maji, maana hewa ya kimo cha paa ni safi kuliko ya nyuma ya gurudumu. Kuifunga bila kuziba boksi la chujio la hewa ni pambo tu. Ziba kila tundu la kutolea maji kwenye boksi na kila kiungo cha mpira, kisha ujaribu: injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta, funika mdomo wa snokeli kwa kiganja, injini inapaswa kudhoofika na kuelekea kuzima. Ikiendelea kama kawaida, inavuta hewa mahali pengine, na siku moja itavuta maji hapohapo. Maji hayashindiliki, hivyo pistoni ikikutana nayo kinachopinda ni fimbo yake. Hata snokeli iliyozibwa vizuri haiwi ruhusa ya kukatiza Jangwani wakati Msimbazi umefurika. Gari huelea na kusukumwa na maji ya kasi kabla injini haijalowa.

Sehemu za kuvutia zifungwe kwenye chesisi, mbele na nyuma, kwa bolti zisizopungua mbili za daraja la 8.8, zisichomelewe. Tufe la chuma la kuvutia tela lisitumike kamwe kulinasua gari. Likikatika huruka kama risasi. Winchi iwe na uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mzigo: gari la tani 3 linadai kilo 4,500, yaani takriban pauni 10,000, ambacho ndicho kipimo kinachoandikwa kwenye winchi nyingi. Nguvu hiyo hupatikana kwenye tabaka la kwanza la kamba kwenye dramu, kwa hiyo vuta kamba nyingi nje kadiri uwezavyo. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani hutumia volti 24 kuwashia injini. Pima kabla ya kununua winchi ya volti 12. Waya mkuu wa kila kifaa upate fyuzi karibu na betri, na taa za ziada zipite kwenye rilei, kwa kuwa swichi ya dashibodi haikuumbwa kubeba mzigo huo.

Ukibadilisha injini au rangi, Mamlaka ya Mapato Tanzania iarifiwe ili kadi ya gari iendane na gari lenyewe, na kampuni ya bima ielezwe marekebisho yaliyofanyika kabla ajali haijauliza.

Hatua ya sita: majaribio ya karibu

Usiende Saadani kwa gari lililotoka gereji jana. Zunguka mjini kilomita 100, kisha kaza upya nati za magurudumu. Baada ya kugusa springi, yubolti, bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikazwe tena zikifika kilomita 500, kwa sababu majani mapya hujikalisha na kuacha ulegevu. Safari ya kwanza iwe Kigamboni asubuhi, kupwa kukiwa kunaendelea, mkiwa magari mawili, mkiwa na beleshi na kamba. Ya pili iwe miinuko ya Kisarawe, ambako utajaribu gia nzito na breki kwenye mteremko. Funga loki za habu kabla ya kuingia mchangani na si baada ya kukwama, na usiunganishe magurudumu manne kwenye lami kavu, kwa kuwa transfa haina pa kumwagia tofauti ya mizunguko.

Ukirudi, kabla ya kuoga mwenyewe, osha gari kwa chini kwa maji baridi na upitishe mpira ndani ya chesisi. Shika kila habu kwa kiganja: iliyo ya moto kuliko wenzake ina beringi iliyokazwa kupita kiasi au breki inayoshika. Asubuhi inayofuata, gari likiwa bado limesimama usiku kucha, legeza bolti ya chini ya kila difu hadi matone machache yatoke kwenye kidole. Maji ni mazito kuliko oili na hutangulia kutoka; ukiona tone la maziwa, mwaga yote siku hiyohiyo, suuza kwa oili rahisi, jaza upya, na urudi kwenye kipumulio cha ekseli hiyo uone mpira umechomoka wapi.